Makaburi Kumi na Moja Juu ya Riyam

Picha ya kaburi la Ami Nassor niliiona siku ya pili ya msiba, ndani ya simu ya mke wa binamu yangu, mimi nimeshika sahani ya tende. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, kwa hivyo simu ilikuwa ikizunguka chumbani kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyeitazama alivuta pumzi akasema, "Allah amrehemu." Udongo ulikuwa bado umelowa maji ya kuzikia. Jiwe moja kichwani, jiwe moja miguuni, basi. Mawili kwa sababu ni mwanamume. Kwetu mwanamke huwekewa matatu, na hilo la tatu husimama katikati. Hakuna jina wala maandishi, lakini ukipita tu unajua ni nani kalala.

Simu ilipofika kwa bibi mmoja wa upande wa mama, akaitazama akatikisa kichwa. "Marehemu katutembezea watoto," alisema. "Hakuna mtoto wa ukoo huu ambaye Nassor hakumpandisha jabal, mlima ule wa Riyam." Chumba kizima kikaitikia. "Kweli wallahi. Wote!"

Wote. Niliiweka sahani chini kabla sijaiangusha. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji nikalifunga, nikalifungua tena, kwa kuwa sikujua mikono yangu niifanye nini. Marehemu hasemwi, nami nimelelewa. Lakini hasira ya mtoto wa miaka minane ilikuwa imenipanda, mtu mzima mimi, mama wa mtoto, na nilishangaa kuikuta haijapoa hata kidogo.

Tulikuwa tukikaa Darsait, ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi mapazia. Dirisha la jikoni lilitazama gereji, na nyuma ya gereji ulianza mlima, pale pale, bila ya kubisha hodi. Milima ya Maskati haina msitu wala majani. Ni mawe matupu, rangi ya mkate uliosahauliwa tanurini, na mchana wa joto yanatoa harufu yake, ya chuma na vumbi. Baba alikuwa akifanya kazi jangwani kwenye mafuta, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani, kwa hivyo nyumba ilikuwa na mama, na Bibi mzaa baba, na Dada Wakesho aliyekuwa akitusaidia kazi. Bibi alizaliwa Unguja na alikuja Maskati mtu mzima, na mpaka anakufa alikuwa akihesabu kwa Kiswahili na kugombana kwa lugha zote mbili.

Ami Nassor, mdogo wake baba, alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa ya msimu wa baridi, baada ya sala ya alfajiri, aliwakusanya wavulana wa ukoo akawapakia garini mpaka Riyam, penye bustani ile ya chetezo kikubwa cheupe kilichosimama juu ya kilima kama kinangojea mtu akitie udi. Nyuma ya bustani kuna njia ya zamani, ya watu na punda wa enzi hizo kabla ya barabara. Inapanda mlima moja kwa moja, inafika mgongoni, inapita kwenye kijiji kilichohamwa, halafu inateremka bondeni mpaka Matrah, nyuma ya soko. Gari la mtu mwingine liliwangojea huko. Walirudi saa nne magoti yana vumbi, wananuka jua, wanakula kama wametoka vitani, na ilitulazimu tuwasikilize.

Nililia wiki tatu kutaka kwenda. Mama alisema muulize ami yako. Ami alisema muulize Bibi. Bibi alisema msichana atakwenda kufanya nini huko, kuuza nini? Basi Ijumaa moja mvulana mmoja akapata matumbwitumbwi, nafasi ikabaki garini, na Ami akanikuta mlangoni nimeshavaa viatu vya shule na mkoba mgongoni. Alicheka. "Haya, mpakieni," aliwaambia. "Atarudi analia hata chetezo hatujakipita."

Sikulia. Ngojeni niwaambie hasa nilivyofanya, maana hili halikusimuliwa na mtu hata siku moja. Nilipanda. Njia inaanza kwa ngazi za mawe zilizolegea, na wavulana walizirukia wote kwa mara moja, wakachoka kwenye kona ya pili. Mimi nilikuwa mdogo na mwepesi na nilikwenda taratibu, hatua fupi fupi, kama Dada Wakesho alivyokuwa akipanda ngazi za nyumbani na ndoo. Mkobani nilikuwa na chapati mbili, chupa ya maji niliyoizungushia kitambaa kilicholowa, na mtandio wa mama niliouiba. Juu ya mawe kulikuwa na michirizi ya rangi, mitatu mitatu, njano, nyeupe na nyekundu, na Ami alikuwa ametuambia hiyo ndiyo njia, fuateni rangi. Nikafuata rangi. Nilipogeuka, wavulana walikuwa chini yangu na Khalfan, mtoto wake Ami mwenye miaka kumi na mbili, ameshika ubavu.

Juu kulikuwa na mchezo wao. Wa kwanza kufika mgongoni huitazama bandari na kuita, na Ami kutoka chini humuuliza kwa sauti kubwa, "Kafika nani?" Naye hujibu jina lake, mlima unalirudisha, na kikombe cha kwanza cha kahawa ni chake. Kila Ijumaa mchana tuliusikia mchezo huo mezani. Kafika Khalfan. Kafika Khalfan. Karibu kila wiki kafika Khalfan.

Nilifika mgongoni peke yangu. Upepo ulinipiga usoni, na ghafla chini yangu ilikuwa Matrah yote. Bandari, meli kubwa nyeupe kama jengo, nyumba za mstari wa pwani zimejipanga, ngome juu ya jiwe lake, na bahari ambayo kwetu Darsait hatuioni ingawa tunainusa. Sikujua kuwa mji ninaoishi una umbo. Nilijaza kifua nikaita, "Nimefikaaa!"

Nikangojea. Ami alikuwa mbali kidogo tu chini yangu. Aliinua uso akaniona. Nilimwona akiniona. Halafu akainama akafunga kamba ya kiatu.

Hakuuliza. Nikaita tena, labda hakusikia, na mlima ukanirudishia sauti yangu mwenyewe, lakini yeye alikuwa akimngojea Khalfan, anamsukuma mgongoni, "Yalla, yalla baba," na Khalfan alikuja analia, kweli machozi, kamasi mpaka mdomoni. Ami alimketisha, akatoa chupa ya kahawa, na kikombe cha kwanza akampa yeye. Mimi nilipewa cha mwisho, na kilikuwa na vumbi la kahawa tu.

Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilidhani nimekosea namna ya kuita.

Sasa sikilizeni la mawe. Tulipoanza kukata mgongo kuelekea kijiji kilichohamwa, niliona pembeni ya njia mawe matatu, moja juu ya jingine, kubwa, la kati na dogo. Mbele kidogo, matatu mengine. Mimi tangu nina miaka minne Bibi alikuwa akinifundisha kwenye dirisha la gari kila tulipopita makaburi. "Toa salamu kwa watu wa nyumba hizi, Rahma. Mawili huyo mwanamume. Matatu mwanamke." Nilizijua hesabu hizo kabla sijajua kuandika. Nikasimama.

"Ami," niliuliza, "haya ni makaburi?"

Wavulana walikuwa wameanza kucheka. Ami aliwatazama, kisha akamtazama Khalfan aliyekuwa bado anapangusa pua, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa mzito kabisa.

"Ndiyo," alisema. "Hesabu mwenyewe. Mawe mangapi?"

"Matatu."

"Basi. Wanawake hao. Walitaka kupanda jabal kama wanaume, kutazama meli. Hakuna aliyerudi."

"Lakini mbona mawe yamepandana? Ya makaburini yamesimama mbali mbali."

Hapa nilipaswa kupewa zawadi, maana swali lilikuwa zuri. Ami hakukosa jibu. "Huku juu ni jabali tupu, hakuchimbiki," alisema. "Wamezikwa wima." Na Khalfan, machozi hayajakauka, akaongeza, "Na rangi ni ya njia. Mawe ni ya makaburi. Ndiyo maana viko viwili."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama mawe ni ya njia, rangi ya nini? Niliamini kila neno. Kutoka pale mpaka Matrah nilitembea nikiyazunguka kwa mbali, nikitoa salamu kwa kila moja kwa sauti ndogo, na nikiwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja. Wavulana walikuwa wakinitazama na kubinyana, na mimi nilidhani wananihurumia.

Wiki ile sikulala vizuri. Kilichonisumbua si kufa tu, ni kuzikwa wima, kusimama milele miguu imechoka na huwezi kukaa. Ijumaa ilipofika Ami aligonga mlango na akaniita kwa jina, mbele ya wote, kwa sauti ya furaha. "Rahma! Haya mama, mbona hujavaa viatu? Nafasi yako ipo!" Nilijificha nyuma ya Bibi. Nikasema siendi. Na yeye akawageukia wavulana kule ngazini, mikono wazi. "Si nilisema? Miguu ya mtoto wa kike, siku moja imekwisha." Walicheka mpaka ngazi zikavuma, na nikausikia mlango wa gari ukifungwa.

Ni hilo, jamaa. Kunitisha ningelisamehe, kila mtoto katishwa kwa kitu. Lakini yeye alinitisha halafu akaniita mwoga mbele za watu, kwa woga alioutia mwenyewe, na akauza habari hiyo miaka yote, Idi kwa Idi. "Huyu? Huyu alipanda mara moja tu, akakimbia." Mimi niliyefika wa kwanza!

Basi Ijumaa wao wakiwa mlimani, mimi nilipanda darini, juu kabisa ya jengo, penye kamba za nguo, nikakaa upande wa Riyam, nikawasomea Fatiha wale wanawake. Ilinijia kwamba hawana majina, nikawapa. Zuwena, Moza, Thuwaiba, Salma, Zamzam, Sharifa, Rayya, Ghaniya, Asya, Nasra, na Bimkubwa ambaye alikuwa mnene na alipanda kwa shida kuliko wote. Nilijua nani alikuwa na watoto na nani alikuwa hajaolewa. Nilijua Ghaniya na Asya walikuwa ndugu na walipanda wakishikana mikono. Tende zangu za asubuhi nilizigawa mafungu kumi na moja, na kwa kuwa wao hawali nilizila kwa niaba yao.

Dada Wakesho alinikuta huko akija kuanika mashuka. Yeye alikuwa Mtaita, kutoka vilima vya kwao Kenya, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyevaa msalaba mdogo ndani ya nguo. Aliniuliza ninanong'ona na nani. Nikamwambia yote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Alikaa chini na shuka mapajani, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

"Ati kaburi? Wacha, Rahma. Hiyo si kaburi. Hiyo ni alama ya njia."

"Alama ni rangi."

"Rangi inaisha na jua. Jiwe haliishi. Kwetu tunaweka hivyo hivyo. Huko kwetu ni msitu, miti mikubwa, na asubuhi ukungu unashuka mpaka hauoni mkono wako. Mama yangu akitangulia kwenda kuni, akifika njia panda anapanga mawe. Mimi nikija nyuma najua amepita wapi. Juu kabisa kuna jiwe kubwa, unatoka msituni ghafla unaona nchi yote, mpaka mlima wenye theluji kama siku ni nzuri. Nimepanda huko nikiwa mdogo kukushinda, na mimi ni msichana, na niko hai. Ama siko hai?"

Akanisogelea. "Fikiria mwenyewe. Hayo makaburi yako yote yako njiani. Hakuna hata moja huko mbali na njia. Kwani watu wenu wanazikwa barabarani?"

Swali hilo liliniingia, na kwa kuwa liliniingia nikakasirika. Nikamjibu kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafunika uso. "Wewe si Muislamu," nilimwambia. "Hujui makaburi yetu."

Alimaliza kuanika shuka, akazibana pembe zote nne, hakunitazama. Kisha akasema, pole pole, "Sawa. Ijumaa ijayo ni off yangu. Nitaomba ruhusa nikupeleke, uguse kwa mkono wako."

Alikwenda kuomba. Nilimwona akiingia jikoni walipokuwa Bibi na mama, na mlango ukafungwa. Sikusikia kilichosemwa. Alipotoka midomo yake ilikuwa imebanwa, na kuanzia siku ile hakunitajia tena mlima wala mawe, nikimwuliza alijibu, "Uliza Bibi yako." Nilielewa kwa akili yangu ya miaka minane kwamba Bibi amemwonesha kosa lake, kwamba makaburi ni makaburi, na kwamba Dada Wakesho ameona haya. Nikamhurumia! Nikamwambia si neno, kila mtu hukosea.

Mkataba wake uliisha kabla ya joto kuanza. Aliondoka alfajiri, mimi nimelala. Hawakuniamsha kwa sababu, walisema, ningelia. Ijumaa nilipopanda darini na tende zangu, nilikuta mahali pangu pa kukaa, pale pale, mawe matatu yamepangwa moja juu ya jingine. Kubwa, la kati, dogo.

Nilipiga kelele iliyomtoa fundi mapazia dukani. Matatu ni mwanamke. Mwanamke gani aliyeondoka nyumba hii? Nilimwona Dada Wakesho amesimama wima ndani ya jiwe, na masanduku yake. Mama alinibeba kuniteremsha, na niliwaambia wote, nikilia, kwamba ndege imeanguka, Dada Wakesho amekufa, kaburi lake liko juu ya dari. Mama alipanda akatazama. Alirudi amekunja uso, akamtazama Bibi, na Bibi akatazama uzi wake wa kushonea kofia. Walinipa maji ya sukari. Nilipoweza kusimama niliyachukua yale mawe nikayazika kwenye mtungi wa mrehani, moja moja, kama ninavyojua, na nikamwongeza Wakesho kwenye Fatiha zangu. Nikajiuliza kama inamfikia, kwa vile yeye ni Mkristo, nikaamua Mungu atajua pa kuipeleka.

Ukweli nilipewa nina miaka kumi na tatu, siku ya Idi, sinia la biriani liko katikati. Khalfan ndiye aliyeanza, sasa kijana wa masharubu. "Rahma wa makaburi!" alisema. "Jamani mnakumbuka alivyokuwa akiyatolea salamu mawe ya njia?" Nikatazama huku na huku nikingoja mtu amkemee. Walicheka. Ami Nassor alicheka mpaka akashika meza. Mama alicheka kidogo akaacha. Bibi, Bibi wangu, alipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Masikini mwanangu," alisema, "kumbe bado ulikuwa ukiamini?"

Chumba kizima kilikuwa kinajua. Miaka mitano walinitazama nikila tende za maiti, na walijua. Na walinipa ukweli siku ambayo haunifai kitu tena, kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa mwari na hakuna mtu angenipakia gari moja na wavulana kwenda popote. Nilimkabili mama usiku ule ule. Alikuwa akiosha masufuria, na alinieleza bila ya kugeuka kilichosemwa jikoni siku Wakesho alipoomba ruhusa.

"Bibi yako alimwambia, nnajua ni mawe, sote twajua. Mwache. Mtoto wa kike akishaogopa jabal hutulia nyumbani, na mie ndo n'napotaka atulie. Na ukimwambia tena, utarudi kwenu kabla ya mkataba."

"Na wewe ulisema nini?"

Mama alisugua sufuria moja muda mrefu. "Mimi nilikuwa mke wa watu," alisema.

Nilikwenda darini. Mrehani ulikuwa umeshakufa zamani, mtungini umebaki udongo mgumu. Niliuchimba kwa kijiko nikayatoa, yote matatu, na nikakaa nayo mapajani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Walimfunga mdomo, naye akatafuta njia ya kusema bila ya mdomo, akaniwekea alama mahali anapojua nitakaa, njia ni hii, pita hapa. Na mimi nikamzika.

Ndugu, wiki iliyopita, msiba ulipomalizika, Khalfan alinipigia simu. Nadhani mkewe alimwambia kwamba nilitoka chumbani ghafla. "Baba alikuwa akitania tu, Rahma," alisema. "Alikupenda sana." Nikamwambia najua alinipenda. Nikamwuliza, utani ule ulimchekesha nani? Nani alipewa kikombe cha kwanza? Kisha akasema, na nampa haki yake kwa kusema, "Ulifika wewe. Nakumbuka. Nilikuona mgongo wako njia nzima."

Ijumaa nilimwamsha binti yangu Thuraiya kabla ya jua. Ana miaka minane. Nilimvisha viatu, nikamtilia chapati mkobani, na mkobani mwangu nikatia yale mawe matatu. Riyam ilikuwa kimya, chetezo kimesimama pale pale. Njiani tulipishana na watu wengi, wanawake wengi, wengine wazungu na fimbo zao, wengine wasichana wa Kiomani wamefunga mitandio yao nyuma, wananisabahi kama vile ni jambo la kawaida. Ni jambo la kawaida! Hilo nalo lilinichoma. Kumbe ilikuwa njia tu, iko wazi, dakika kumi kutoka nyumbani kwetu kwa gari, miaka yote hii.

Magoti yangu si yale ya zamani. Thuraiya alinitangulia kwenye kona ya pili, nami nikamwacha. Nikipumzika kwenye jiwe nilimsomea Fatiha Ami Nassor, kwa kuwa ni haki yake. Niliisoma kwa hasira mpaka mwisho, sikuruka neno.

Nikasikia sauti kutoka juu. "Mama! Nimefikaaa!"

Niliinuka. Pumzi sina, lakini niliipata. "Kafika nani?" niliuliza, kwa nguvu zangu zote.

"Kafika Thuraiya!" Na mlima ukalirudisha jina lake lote mpaka bandarini.

Nilipomfikia alikuwa amesimama mbele ya mawe yaliyopangwa, anayatazama. Aliniuliza ni nini, nikamwambia ni alama, mtu aliyetangulia anakwambia pita hapa. Nikatoa mawe ya Wakesho nikayapanga karibu yake, kubwa, la kati, dogo. Thuraiya alikuwa ameupenda mchezo na hakutaka uishe. Akashuka hatua chache chini yangu, akaweka mikono mdomoni.

"Kafika nani?" aliniuliza.

Nikaigeukia bandari. "Kafika Rahma!" nikaita. "Kafika Zuwena! Kafika Moza, na Thuwaiba, na Salma, na Zamzam! Kafika Sharifa, kafika Rayya! Ghaniya na Asya wamefika pamoja! Kafika Nasra! Bimkubwa kachoka, lakini kafika!" Mtoto alikuwa akicheka, hajui ninawataja nani. Nikavuta pumzi ya mwisho.

"Kafika Wakesho!"